Utando wa Kosakosa

Sisi Wagenia hatumenyi kosakosa. Kamba huyo wa mtoni huliwa na ganda lake, miguu na ndevu, na anayemenya huulizwa kama meno yanamuuma. Basi fikiria aibu yangu, mimi Pétronille, mtoto wa maporomoko, kumenya beseni kwa beseni kwa sababu mume wangu Liévin, mkemia wa chuo, alitaka maganda tu.

Maganda hayo aliyageuza kwa dawa zake kuwa utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Akaupaka platini pande zote mbili, akiwa ameichanganya na makaa ya kokwa za michikichi ili itumike kidogo, maana platini ni adimu. Utando unakaa ndani ya kisanduku, huku hidrojeni, huku hewa. Hidrojeni ikipenya, taa inawaka, na kinachotoka ni maji tu.

Siku ile maprofesa wawili, Séverin na Colette, walikuja nyumbani kuamua. Taa ikiwaka, Liévin aendelee. Isipowaka, maabara yake apewe mwingine.

Tatizo lilikuwa mama mkwe. Kahambu, mfanyabiashara kutoka Butembo, anauza chumvi kwa jumla, na kwake chumvi ni dawa ya kila balaa. Jikoni kwangu hakai. Eti moshi wa samaki unaharibu vitenge vyake. Asubuhi hiyo alipita tu, akakuta utando umelowekwa kwenye beseni la maji, unanuka mto.

Liévin alipoujaribu utando, taa haikuwaka. Akaonja maji ya beseni, uso ukamshuka.

"Ni nani alitia chumvi humu?"

"Ni mimi, papa. Kitu ya mayi bila chumvi inaoza. Nilikusaidia," Kahambu alimjibu mwanawe.

"Mama! Ile utando iko na milango kidogo-kidogo ya hidrojeni kupita. Sasa chumvi imejaa mu milango yote!"

"Alors, uifukuze."

"Inaomba asidi na mayi safi, mpaka mangaribi. Na ba professeur bako kwa mulango!"

Nilitaka kulia. Vidole vyangu vilikuwa bado na vidonda vya kumenya. Liévin alijifungia chumbani kuosha utando, lakini Kahambu alikaza kitenge chake, akaenda kuwapokea wageni.

"Kwangu hakuna mutu anaongea mambo ya akili na tumbo wazi. Pétronille, leta kosakosa!"

Nilileta kosakosa, nikaleta pondu ya majani ya muhogo, liboke la samaki aliyefungwa majanini na mlima wa lituma, ndizi zilizopondwa. Kila Profesa Séverin alipogeuka kutazama chumba cha Liévin, Kahambu alimwongezea ndizi nyingine. Alipojaribu kukataa, aliulizwa nyumba hii imemkosea nini. Alasiri mkanda wake ulikuwa umefunguliwa.

Jua lilipokuwa linazama, taa iliwaka, ndogo lakini nyeupe kabisa. Nilipiga vigelegele. Profesa Séverin alitaka kusimama apige makofi, tumbo likamrudisha kitini.

"Bon, mutaendelea," alisema Profesa Colette. "Lakini tunaomba utando ya pili, tuone kama si bahati."

Liévin alitazama sahani. Ganda halikubaki hata moja. Maprofesa walikuwa wametafuna yote.

 Kahambu alichukua beseni la kosakosa waliochemshwa ambao hawakufika mezani, akaja jikoni kwangu, akaketi kwenye kigoda kando yangu na kitenge chake kipya, akaanza kumenya. Kosakosa mmoja aliyekwisha kumenywa alimtia mdomoni, akakunja uso.

"Hii haina utamu."

Mkono wake ukaenda kwenye kopo la chumvi. Akamtazama mwanawe mlangoni, akaurudisha.