Stafeli Lililochumwa Mapema

Mstafeli ule mke wa fundi rangi aliupanda kwa mbegu, mwaka waliohamia nyumba yao wenyewe. Alipenda mastafeli tangu utotoni. Mti ukakua, ukachanua, lakini maua yakawa yanadondoka tu. Mumewe alimtania kuwa amepanda kivuli.

Kisha mke akaugua koo. Mwanzoni alishindwa ugali, halafu uji, mwishowe hata maji. Akawa analishwa kwa mpira uliopitishwa puani, na sauti ikabaki mnong'ono.

Ndipo fundi akasikia kwamba mstafeli husaidiwa kuzaa. Akatwaa brashi yake ndogo kuliko zote, akawa anachota unga wa chavua kwenye ua lililokomaa na kuupaka kwenye ua lililoanza kufunguka. Majirani walimcheka, wakamuuliza kama nyumba za kupaka zimekwisha mjini. Yeye akahamia ua jingine.

Likashika tunda moja. Alilifunga gunia popo wasilifikie, akawa analibonyeza kila arudipo kazini. Lilikuwa bado gumu siku shemeji yake, dada wa mgonjwa aliyekuja kumuuguza, alipomrudisha kutoka hospitali, akamvuta fundi pembeni na kumwambia daktari amesema wakae nyumbani, hakuna zaidi la kufanya. Fundi alitoka moja kwa moja akalichuma.

Alilipasua mbele ya kitanda. Mkewe alilinusa kwa muda mrefu, macho ameyafumba.

"Kula wewe," alinong'ona. "Uniambie."

Fundi akatia kipande mdomoni. Kilikuwa kigumu kama kiazi kibichi, kikali, chenye utomvu ulioganda kwenye meno. Akatafuna. Akameza.

"Tamu," alisema. "Tamu sana, mke wangu. Linayeyuka."

Mke alimtazama usoni.

"Miaka yote hii," alisema, "hujajifunza kuongopa."

Fundi akajaribu kucheka, kicheko kikamgeukia. Aliinamisha kichwa kitandani akalia kama mtoto, na mkewe akawa anampapasa kisogo, akimwambia ale tu, asilitupe, limetoka mkononi mwake. Akalila lote, kipande kwa kipande, naye mkewe akimtazama.

Mke alifariki kabla wiki haijaisha.

Msimu uliofuata mti ulichanua kupita miaka yote. Shemeji, aliyekuja kumjulia hali, alimuuliza kwa upole kama hatayashughulikia maua. Fundi alisema amechelewa kazini, akabeba ngazi yake, akatoka.