Anayeonja Kwanza

Pale kambini Benaco hakuna aliyekunywa pombe kabla mwenye pombe hajainywa mwenyewe. Desturi ilikuwa hiyo tangu zamani, pande zote mbili za mto wa mpakani: unamimina, unapiga funda mbele ya mgeni, ndipo unampa. Zamani ilikuwa heshima tu. Lakini mwaka ule wa tisini na tano, katikati ya mahema ya watu waliokimbia Rwanda, heshima ilikuwa imegeuka woga. Kila aliyeketi bandani kwa Ildefonsa, muuza pombe mwenyeji, alikuwa ameona jirani akimgeukia jirani, na kabla ya kupokea kata yake alimkazia macho muuzaji kooni.

Ildefonsa alikuwa amewaonjea mwaka mzima. Kibuyu kipya, funda. Kundi jipya, funda. Siku za soko alianza alfajiri, hajatia kitu mdomoni. Tumbo likaanza kumchoma, kisha akatapika damu, na mganga wa zahanati hakumzungusha.

"Mama, ukiendelea kunywa utazikwa. Nasema hata funda moja."

Akaacha kuonja, na wateja wakaacha kuja. Wakavuka njia kwenda kwa Secilia, mwanamke wa kucheka kwa sauti, ambaye aligugumia nusu kata na kujipangusa midomo kwa kiganja.

"Yule haonji, anakunywa," Ildefonsa alinung'unika.

"Ndiyo maana wanampenda," alisema Priscila.

Priscila alikuwa mtoto wa mdogo wake. Alikuwa amehitimu masomo ya biashara, kazi bado hajapata, akaja kutoka kijijini Ntobeye kumsaidia mama yake mkubwa kuinua kibanda. Alikuja na moyo wote. Kwanza alishusha bei. Watu wakaulizana kwa nini imeshuka, ina nini. Akachora kibao kizuri cha rangi nyekundu. Wakakisoma, wakakisifu, wakavuka kwa Secilia.

Jioni moja walikaa wawili kwenye benchi tupu, pombe ikichachuka mtungini.

"Mama mkubwa, tumeanzia katikati. Tuanze mwanzo. Mteja wetu anataka nini?"

"Alewe kidogo, asahau."

"Kulewa kupo hata kwa Secilia. Kipi anakipata kule, hapa hakipati?"

Ildefonsa alifikiri, akikanda tumbo kwa ngumi.

"Kuona kwamba mwenye pombe hajafa."

Walicheka, kicheko cha watu waliochoka. Lakini Priscila aliacha kucheka mapema.

"Basi tukiuze hicho. Tumtafute mwingine wa kuonja, kila mtu amwone."

"Nani atakubali kazi hiyo?"

"Mimi hapa," ilisema sauti kutoka pembeni.

Alikuwa mzee Hakizimana, seremala wa zamani kutoka Kibungo, Rwanda, aliyeishi hemani peke yake. Alizoea kuja kuketi pale hata asipokuwa na cha kununulia, na Ildefonsa hakuwahi kumfukuza.

"Shikamoo mzee. Hatukujua upo," alisema Priscila kwa haya.

"Marahaba, binti. Nipeni kata moja kila kibuyu, nitaonja mpaka mchoke nyinyi. Mimi nikifa, nani atawadai? Hata sumu ikinikuta itasema, huyu tayari, tuendelee mbele."

Priscila alicheka. Ildefonsa hakucheka, lakini alikuwa amechoka mno kukataa.

Mpango ukafaulu. Kesho yake mzee alikaa mbele ya kibanda, akainua kata juu kama padre, akanywa, akapiga mluzi. Watu wakasimama kutazama, kisha wakaketi. Siku ya pili benchi hazikutosha. Secilia akapaza sauti kutoka ng'ambo: "Ildefonsa! Umeajiri mdomo wa kukodi?" Watu wakacheka, na wengine wakavuka kuja kuuona huo mdomo. Ildefonsa hakuwa ameonja kitu, na tumbo lilikuwa limetulia. Alimtazama Priscila akihangaika kugawa kata huku uso unang'aa, akasema moyoni kwamba mtoto huyu ana akili.

Siku ya tatu wanaume watano waliagiza kibuyu kipya. Mzee akapiga funda. Likampalia. Akakohoa, akainama, akashika shingo, macho yakamtoka.

Wanaume wote watano waliziweka kata zao chini kwa pamoja. Hakuna aliyenyoosha mkono kumshika. Walimtazama jinsi mtu anavyotazama chungu aone kama kitapasuka, na mmoja akageuka kumpima Ildefonsa kwa macho.

Ildefonsa ndiye aliyeruka. Alimpiga mzee mgongoni mara kadhaa, mpaka pumzi ikarudi.

"Imepita njia mbaya," mzee alisema, akifuta machozi. "Kunyweni, wanangu. Ni nzima."

Wakaziokota kata. Mmoja akanyoosha yake ijazwe.

Ildefonsa alikifunika kibuyu.

"Leo imekwisha."

"Mama mkubwa!" Priscila alinong'ona. "Watu wamejaa."

"Nimewaona. Walikuwa wanangoja afe, Priscila. Hiyo ndiyo bidhaa tunayouza?"

 Priscila aliketi kwenye benchi, kanga imemshuka begani asijue, na machozi yakamlenga. "Sikufikiria hivyo," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Itabidi tuuze kitu ambacho mtu anakifungua mwenyewe."

Iliwachukua wiki kadhaa. Mtungi wakauuza. Gunia la karanga likaja kwa lori lililoleta chakula kambini, kutoka kwa wakulima wa Kisukuma wa huko Bisibo, wakazichemsha na maganda yake, pamoja na mayai waliyonunua vijijini. Faida ilikuwa ndogo, haikukaribia ile ya pombe, na Ildefonsa alirudi nyumbani kila siku miguu inamuuma.

"Umenifukuza kazi," mzee Hakizimana alilalamika.

"Nimekufukuza. Shika yai, uondoke na malalamiko yako."

Aliligonga gotini, akalimenya taratibu, akaomba chumvi. Wateja walikuwa wamesongamana wakichagua karanga na kubishana bei. Mzee alikula yai lake lote, na hakuna hata mmoja aliyemtazama.