Kiranja wa Utulivu

Mwalimu wa darasa la pili alikuwa na ombi moja tu, na alilipeleka kwa Mungu kila asubuhi akiwa amesimama mbele ya madawati matupu, mikono juu ya meza yenye vumbi la chaki: apate mtu wa pili. Hakuomba darasa dogo, alijua hilo halipo. Hakuomba watoto wawe malaika. Aliomba mtu mzima mmoja wa kusimama nyuma ya chumba wakati yeye yuko mbele, basi. Miguu ilimwaka moto kabla ya mapumziko, sauti ilikuwa imemkauka tangu muhula uanze, na nyumbani kulikuwa na mama mkwe asiyeweza kujigeuza kitandani, aliyemngoja kila jioni.

Safari hii ombi lilielekea kujibiwa. Afisa elimu alikuwa amesikia sifa za darasa lake na angekuja Alhamisi kujionea. Mwalimu Mkuu hakuzunguka: nafasi ya mwalimu msaidizi ilikuwa moja, shule zilizoigombea nyingi, na ingekwenda pale ambapo somo la kujituliza limeshika.

"Kwako limeshika," alisema. "Mimi nikipita dirishani nadhani mmehama."

Lilikuwa limeshika kweli, au ndivyo ilivyoonekana. Mwanzoni mwa mwaka chumba kile kilikuwa soko. Watoto walipigania vifutio, waling'atana kwa sababu ya kiti cha dirishani, na kulikuwa na msichana mmoja mdogo ambaye akianza kulia alifuatwa na chumba kizima, ndiyo maana wenzake wakamwita King'ora. Mwalimu alikwenda semina, akarudi na hatua nne, akaziandika ubaoni kwa chaki ya rangi: Simama. Pumua. Taja. Chagua. Ukiona hasira au huzuni inapanda, unasimama. Unavuta pumzi mpaka tumboni. Unaitaja hisia kwa jina lake. Kisha unachagua la kufanya. Nyuma ya kabati akatandika mkeka, ili aliyezidiwa akakae huko mpaka moyo umshuke.

Mwezi wa kwanza mkeka uligeuka ulingo wa mieleka. Kila aliyechoshwa na hesabu alidai ana huzuni. Mmoja aliitaja hisia yake kuwa ni njaa, akakaa huko hadi kengele ya chakula.

Kisha, taratibu, kelele zikakatika. Mwalimu hakujua hasa ilianza lini. Alikuwa anasahihisha, akainua kichwa, akakuta kimya. Watoto wameinamia madaftari. Mmoja anainuka polepole, anakwenda mkekani, anapumua, anarudi. Hata King'ora alikuwa amezimika. Mwalimu wa darasa la tatu, ambaye hakosi neno, alichungulia mlangoni akauliza huwa anawatilia nini kwenye maji ya kunywa. Mwalimu alicheka, akamshukuru Mungu, akarudi kwenye madaftari yake. Mtu aliyechoka namna ile hapewi kimya akaanza kukikagua.

Sifa nyingine alimpa kiranja wake. Alikuwa msichana mrefu kuliko wenzake, mtoto wa kwanza kwao, aliyelelewa kwa shangazi pamoja na wadogo zake, na aliongea kama mtu aliyekwisha kuzaa. Wenzake walimwita Bi Mkubwa. Alifuta ubao bila kuambiwa, alibeba madaftari, na Mwalimu akijishika kiuno yeye ndiye aliyesogeza kiti. Siku moja, kichwa kikimwanga, Mwalimu alimwomba amsaidie tu wasimsumbue, maana amechoka hoi. Alilisema kama anavyolisema mtu kwa mtu mzima mwenzake, kisha akasahau.

Alhamisi Afisa alifika, mama wa makamo, mpole, mwenye viatu vya kubana, naye usoni alionekana ametoka kwingine na bado ana kwingine kwa kwenda. Akaketi pembeni kabisa, karibu na kabati, Mwalimu Mkuu kando yake. Somo likaenda kama maji mferejini. Watoto walisoma hatua, wakaigiza ugomvi wa penseli, wakavuta pumzi mpaka vifungo vya mashati vikakaza. Hakuna aliyekohoa. Bi Mkubwa alipita kati ya madawati akigawa karatasi, na kila alipopita migongo ilinyooka.

Afisa aliandika, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akamgeukia King'ora, aliyekuwa dawati la mwisho.

"Na wewe, mwanangu, hebu nitajie. Sasa hivi unajisikiaje?"

King'ora alisimama. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa.

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

Mtoto aligeuza macho pembeni. Afisa alicheka kidogo, akasema wageni wanatisha kweli, hata yeye utotoni akisikia hodi alikimbilia chini ya meza. Mwalimu Mkuu naye akacheka. Lakini Mwalimu alikuwa mbele, na aliona kile ambacho wale wawili hawakuweza kukiona pale walipokaa. King'ora hakumtazama mgeni. Alimtazama Bi Mkubwa, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeushika wa kushoto juu ya kiwiko, kama mtu anayeficha kidonda.

Afisa alikwisha kufunga faili. Kilichobaki ni asante na kumsindikiza hadi getini, na muhula ujao mtu wa pili angekuja. Mwalimu aliliona hilo waziwazi. Ee Mungu, akasema moyoni, si leo. Kesho nitamuuliza. Halafu akajisikia alivyoomba, akashindwa kuitikia amina.

Alikwenda nyuma, akapiga goti mbele ya dawati, akamwomba King'ora amwonyeshe mkono. Mtoto akapandisha mkono wa shati. Kwa ndani, mahali laini, kulikuwa na alama ndogondogo zilizopinda kama mwezi mchanga, nyingine nyekundu, nyingine zimeshaanza kufifia. Zilikuwa alama za kucha.

"Nilitulia, Mwalimu," King'ora alisema haraka, kana kwamba ndiye mshtakiwa. "Nilikwenda mkekani nikapumua. Lakini nikirudi nikitoa sauti, ananifinya tena."

Mvulana wa dawati la jirani akapandisha mkono wa shati lake bila kuombwa. Kisha mwingine. Bi Mkubwa alikuwa amesimama katikati ya chumba na karatasi mkononi. Hakukana. Alishangaa tu kwamba jambo lile lilihitaji kuulizwa.

"Ni mimi," alisema. "Shangazi ndivyo anavyotufanya tukilia. Hapa kwa ndani, ambapo hapaonekani. Ulisema umechoka, Mwalimu. Ulisema nikusaidie."

Miezi yote ile Mwalimu alikuwa akiomba msaidizi, kumbe alikuwa naye, mtoto ambaye meno ya mbele hayajamalizika kuota, akimfanyia kazi kwa vidole. Hasira ilimpanda ikakosa pa kutua. Akasimama. Akavuta pumzi. Ilipofika zamu ya kutaja, alitaja kwa sauti, maana ndivyo alivyowafundisha.

"Naona aibu," aliwaambia watoto. "Kosa ni langu. Mliponyamaza nilifurahi, sikuwauliza kwa nini."

Uso wa Bi Mkubwa ukavunjika. Alilia kwa mdomo wazi, karatasi zikimdondoka, kama mtoto ambaye hajui kulia kwa sababu hakuwahi kupewa nafasi. King'ora akadakia, na chumba kizima kikawaka. Mwalimu Mkuu alisimama akafunga madirisha. Mwalimu alimshika Bi Mkubwa mkono, akaenda naye mkekani, akakaa naye chini, na hakumwambia anyamaze.

Getini Afisa alisema wazi kwamba hawezi kuandika kuwa somo limeshika, angekuwa anadanganya. Mwalimu alikubali kwamba angekuwa anadanganya.

"Ungeniacha tu niondoke," Afisa alisema, akimtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Nilitaka kukuacha."

Afisa aliuliza kama shangazi mtu ataitwa shuleni. Mwalimu alijibu kwamba atakwenda mwenyewe, leo hii. Akahesabu kichwani: mama mkwe angengoja, ingebidi apige simu kwa mume wake awahi kurudi amgeuze mama yake, na mume angeitikia shingo upande.

Jioni alitembea na Bi Mkubwa hadi kwao. Mtoto alimsihi njiani asimwambie Shangazi, na Mwalimu hakuahidi lolote ila kwamba hataondoka haraka. Moyoni alianza ombi lake la kila siku kwa mazoea, akalikatiza. Akaomba maneno ya kusema mlangoni, na asije akayasema kwa ukali.

Aliyefungua alikuwa mwanamke wa umri wake, mtoto mchanga begani, ndoo ya nguo mbichi mkononi, na macho ambayo Mwalimu aliyajua, maana asubuhi huyaona kwenye kioo. Akamwangalia mpwa wake, akamwangalia mgeni.

"Amefanya nini?"

"Shikamoo kwanza," Mwalimu alimnong'oneza Bi Mkubwa, na Bi Mkubwa akaamkia. Kisha Mwalimu akamjibu mwenye nyumba: "Sijaja kumshtaki, dada. Nina ombi, na ni refu kidogo. Nipe hiyo ndoo nikutundikie, tuongee."

Shangazi alisita. Halafu akampa.