Begi la Maji ya Kunde

Dobi wa hospitali alisimama kando ya mkanda wa mizigo mpaka mkanda wenyewe ukazimwa. Abiria wenzake walikwisha kuchukua vyao na kwenda zao. Lilibaki sanduku moja la mtu mwingine, limekaa kama mgeni aliyesahau nyumba aliyoalikwa. Mpagazi akaja akalifunga kamba, maana lilikwisha kuanza kuinua kichwa.

Hilo halikumshangaza mtu. Wahenga waliposema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi hawakuwa wakitania, na pale uwanja wa ndege watu waliliona jambo hilo kila siku. Begi likiwa karibu na mwenyewe lina uzito wake wote. Mwenyewe akienda mbali linapungua, na akikawia linaelea. Kwa hiyo wapagazi walibeba masanduku manne kwa kidole kimoja, huku wakipiga soga, na stoo ya mizigo ilijengwa yenye dari refu na wavu chini ya dari, ili mabegi yasikwaruze rangi.

Dobi akaenda kaunta. Karani aliyekuwa pale watu walimwita Umechelewa, kwa kuwa ndilo jibu lake.

"Karibu, mama."

"Begi langu halijatoka."

"Limechelewa."

"Limechelewa vipi, na tumepanda ndege moja?"

"Basi wewe umewahi," karani akasema.

Hakuwa mtu mbaya. Shirika lilimfundisha maneno matatu. Mzigo ambao mwenyewe anautafuta huitwa uliochelewa. Mzigo ulioonekana bila lebo huitwa usio na mwenyewe. Neno la tatu, uliopotea, lilikuwa na ruhusa ya kutamkwa na makao makuu tu, nayo makao makuu hayajawahi kulitamka. Karani alilizoea katazo hilo hata nyumbani kwake. Funguo zikimpotea humwambia mkewe zimechelewa. Mjomba wake alipofariki alisimama msibani akasema mjomba amechelewa kurudi, na wafiwa wengine wakaona hayo maneno yana faraja, wakamwomba ayarudie.

"Begi la namna gani?"

Dobi akaonyesha kwenye chati ya ukutani, picha ya begi la kitambaa lenye zipu na magurudumu.

"Rangi?"

Hapo chati haikuwasaidia. Ilikuwa imekaa dirishani miaka mingi na jua limezilamba rangi zote, nyekundu na buluu zimekuwa kitu kimoja kama chai ya mara ya pili.

"Maji ya kunde," dobi akasema.

Kwao ukimsema mtu ni maji ya kunde, si mweusi sana wala si mweupe, kila mtu anakuelewa. Lakini karani alikulia nyumba ambamo kunde zilichumwa majani, yakachemshwa, na maji yake aliyaona sufuriani kila siku ya utoto wake. Hakuuliza. Akaandika kijani.

"Ndani mna nini?"

"Mguu."

"Wa nini?"

"Wa mume wangu."

Mfumo ulimpa achague nguo, viatu, vitabu, vyombo au zawadi. Akachagua viatu.

"Ni kimoja tu, lakini," dobi akasema.

"Mfumo hauna kimoja, mama."

Mume wa dobi alikuwa fundi mwashi. Jukwaa lilikatika naye akiwa ghorofa ya tatu, akaamka hospitali ana mguu mmoja, katika shuka alizozifua mkewe mwenyewe. Tangu hapo alilala akitazama ukuta. Madaktari walimwonea huruma dobi, wakamwandikia wenzao wa ng'ambo, na dobi akasafiri na vipimo mpaka mguu ukachongwa. Msimamizi wa ujenzi alikuwa amesema neno moja tu: mvua zikikatika ghorofa ya juu inaanza, mwenye miguu miwili apande, asiye nayo nafasi yake ina mtu. Na mvua zilikuwa zimebaki za manyunyu.

Dobi alipokuwa anaweka sahihi, kitu kikaanguka stooni. Puu. Halafu kikaanza kugonga sakafu, ko, ko, ko, kama mtu aliyechoka kungoja mlangoni.

"Hilo ndilo langu," dobi akasema.

Wakaingia kulitazama. Lilikuwa limebanduka kwenye wavu likatua nyuma tu ya kaunta, usawa wa pale dobi aliposimama, rangi ya maji ya kunde safi kabisa, upande mmoja umevimba na kurukaruka. Lebo yake iling'oka njiani. Wapagazi wawili wakajaribu kulinyanyua wakashindwa, kwa kuzoea vya kuelea. Dobi akaliinua kidogo kwa mkono mmoja, akalishusha.

"Ni lake," wapagazi wakasema.

"Ni lako," karani akakubali. "Ila hili ni la kahawia, halina mwenyewe. Lako ni la kijani, limechelewa."

"Nani kasema kijani?"

Karani akaelewa. Akarudi kwenye kompyuta kubadili rangi. Mfumo ukamwuliza: begi la kijani limefika? Akajibu hapana. Mfumo ukamwambia basi mwenye begi hawezi kupewa jingine mpaka la kwanza lifike. Akapiga simu makao makuu, akaeleza kwamba la kijani halipo na halikuwahi kuwapo. Wakamwuliza kwa upole kama anataka kusema limepotea. Sauti ya upande wa pili ikamkumbusha kwamba katika shirika lao hakuna mzigo uliopotea, ikamtakia kazi njema.

"Mama yangu, mimi nakuona," karani akasema. "Mungu anakuona. Mfumo haukuoni."

"Mungu anatosha," dobi akajibu. "Lakini si yeye anayekaa kaunta."

Ikawa kila akitoka zamu anakuja, ananuka sabuni, anakaa benchi pamoja na wengine waliochelewa. Kila akiingia, begi linaanguka. Karani akamwomba awe anapiga hodi kwanza kule nje, kwani siku moja lilitua kwenye chakula cha wapagazi. Dobi akawa anapiga hodi, wapagazi wanasogeza sahani zao, ndipo anaingia. Huku nje mawingu yalizidi kuwa membamba.

"Baba watoto," akamwambia mumewe jioni moja, "geuka huku. Kesho unakwenda nami."

"Nikafanye nini? Nikawe begi la pili?"

"Ukajionyeshe. Mimi ni mbebaji tu. Mwenye mguu ni wewe."

Fundi akaguna, lakini asubuhi akazichukua fimbo zake. Walipofika mlangoni dobi akapiga hodi, na begi likashuka kama kawaida. Fundi alipovuka kizingiti likazidi kushuka. Vigae vikapasuka, likadidimia nusu. Zipu ikafunguka meno yote kwa mara moja, na mguu ukatoka.

Ulisimama, ukakung'uta soksi, ukavuka stoo. Ulipofika kaunta ukakuta foleni, ukajipanga nyuma ya bwana mmoja mwenye tai. Yule bwana akageuka, akautazama, akasogea mbele kidogo kuupa nafasi. Foleni ilikuwa ndefu na mguu ukawa unapigapiga kisigino chini, mpaka mwanamke aliyekuwa mbele akasema, "Jamani, upisheni huo, una haraka." Ukapitishwa. Ukaigusa kaunta, ukamgeukia fundi pale mlangoni, ukasimama mbele yake, ukapiga kidole chini mara mbili, kama anayesema haya twende.

Wote wakamtazama karani. Karani akafungua kitabu cha kanuni, akasoma sana. Kanuni zilitaja masanduku, vifurushi, baiskeli na wanyama wadogo. Kuhusu mguu uliokuja kwa hiari yake hazikusema kitu.

"Mguu uliompata mtu wake si mzigo," akasema mwishowe, akakifunga kitabu. "Ni abiria. Na abiria hajazuiwa. Pita, mzee. Piteni wote watatu."

Benchi zima likapiga makofi. Fundi alitoka nje anacheka hata fimbo moja akaisahau. Begi likabaki, na nguo mbili za dobi na kitabu chake cha sala ndani yake. Walipofika barabarani likajichomoa kwenye vigae, likapanda polepole hadi kwenye wavu, mdomo wazi.

Mvua zikakatika. Fundi akapanda ghorofa ya juu na msimamizi akahesabu miguu yake, akaridhika. Shida ilikuwa moja tu, mguu mpya ulipenda ngazi kupita kiasi, ukazipanda mbili mbili, na wa zamani ukawa unalalamika usiku. Nyumbani hakuna aliyetazama ukuta tena. Dobi alimshukuru Mungu kila alfajiri, na mchana akapokea simu ya shirika ikimwarifu kwamba begi lake la kijani limechelewa, wanalifuatilia, wanaomba radhi.

Kisha siku moja mlango ukabishwa. Alikuwa dereva wa shirika, amevaa sare, ameshika kamba ndefu. Juu ya kichwa chake, usawa wa paa, lilielea begi la kijani.

"Hongera, mama. Limepatikana."

"Hilo si langu, mwanangu. Hebu litazame lilivyo juu."

"Naliona," dereva akasema. "Lakini mfumo umekubali. Kijani, kitambaa, zipu, magurudumu. Tena ndani mna viatu." Akamkabidhi kamba, akaondoka.

Dobi akalivuta chini kwa nguvu za kuvuta uzi. Hakutaka kuchungulia cha mwenzake, ila mfuko wa pembeni ulikuwa wazi. Mlikuwa na viatu vya shule vya mtoto na kiboksi kidogo. Ndani ya kiboksi mna kifaa cha kusikilizia, kile cha kuvaa sikioni, hakizidi punje ya mahindi, na betri zake zimefungwa kwa karatasi.

Akalirudisha uwanjani siku hiyohiyo. Karani aliposikia hodi hakunyanyua uso.

"Faili limefungwa, mama. Limepatikana. Siwezi kuchukua mzigo wa mtu aliyekwisha kuupokea."

"Kuna mtoto hasikii," dobi akasema, akamwonyesha kile kiboksi.

"Najua."

"Na mama yake? Yule anayelitafuta hili?"

Karani akatazama benchi. Lilikuwa limejaa, kama siku zote.

"Popote alipo," akasema, "ameambiwa limechelewa."

Basi dobi akawa anatoka nalo. Akimaliza sala na kazi za nyumba, anaifungua kamba yake kwenye mguu wa kitanda, anaishika, anapita nalo mitaani, anatembea taratibu, na begi linamfuata juu kama mwezi wa mchana. Watoto humwamkia, naye huitikia wote, akiwaangalia masikio. Wanaokuja kumwamkia hawamhusu. Hutafuta yule anayeitwa na mama yake mara tatu na hageuki, na akimwona husimama karibu naye, hutazama juu, hungoja.

Jana alisimama mara nne. Watoto wawili walikuwa watundu tu, mmoja alikuwa amekasirika, na mmoja kweli hakusikia, lakini begi halikushuka. Mama wa huyo akamwuliza anauza nini. Dobi akasema hauzi kitu. Akafika mwisho wa barabara, akavuta kamba kidogo ili begi lisiguse nyaya za umeme, akavuka, akaanza kurudi kwa upande wa pili.