Pazia Nyuma ya Msuluhishi

Siku ya tisa tangu chumba chake cha kazi kipigwe kufuli na mwenye nyumba, Fundi Pindo aliamka, akanawa uso, akaanza kupinda sketi. Alikuwa na sketi kumi na moja za shule, alizokuwa amezibeba nyumbani jioni ya kuamkia kufuli kwa bahati tu, azimalizie kwa mkono. Nyingine thelathini zilibaki chumbani pamoja na cherehani, pasi na daftari lake la vipimo, nyuma ya mlango ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeupaka rangi. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na leo ilikuwa Alhamisi.

Jina la Pindo alipewa na wateja, kwa sababu pindo lake halionekani hata ukilitafuta kwa miwani. Jina la nyumbani walibaki nalo wachache, mmojawapo mdogo wake, ambaye naye alizoea kumwita dada na basi.

Mdogo wake huyo, mfagizi wa maofisi, aliingia saa nne kasorobo akiwa bado na sare ya kazini. Alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili kwa kusingizia jino. Ndiye mwenye simu ya maana. Ya Pindo ilikuwa ya vibonyezo, ya kupiga na kupokea.

"Umekunywa chai, dada?"

"Nitakunywa tukimaliza."

"Kunywa bwana. Yule ni msuluhishi, si askari."

"Askari angalau anakuja na miguu yake," alisema Pindo. "Huyu wa kwenye kioo cha simu nitamjuaje?"

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Siku ya pili baada ya kufuli alikwenda baraza la nyumba na mkataba wake mkononi, uliobakiza mwaka mmoja na miezi saba. Karani hata hakuufungua.

"Siku hizi hatupokei watu, mama. Unajisajili mtandaoni, unapangiwa msuluhishi, mnaongea kila mtu akiwa kwake. Mkishindwana ndipo faili linaingia kwenye foleni ya hakimu."

"Foleni ya muda gani?"

"Miezi minane. Tisa. Inategemea."

"Na huyo msuluhishi anachaguliwa na nani?"

"Mfumo."

"Mfumo ndiyo nani?"

Karani alimtazama kwa huruma ya juu juu, kisha akaita, "Anayefuata."

Sasa walikaa dirishani, mahali pekee ambapo mtandao ulishika, simu wameiegemeza kwenye kopo la vifungo. Saa nne kamili kioo kikagawanyika sehemu tatu. Juu alionekana Pindo, kidevu na shingo tu, mpaka mdogo wake alipoisogeza simu. Chini kushoto alikaa mwenye nyumba mbele ya ukuta mweupe, amenyoa vizuri, ametulia tuli. Chini kulia alikuwa msuluhishi, mwanamume mwenye miwani na tai. Picha yake ilikuwa ukungu mtupu, lakini sauti ilifika safi.

"Karibuni. Hapa hakuna mshindi wala mshindwa. Mwishoni nitaweka pendekezo, na kila mmoja atabonyeza kukubali au kukataa ndani ya dakika tano. Ukimya utahesabiwa kuwa ni kukubali. Na niwahakikishie, mimi simjui yeyote kati yenu."

"Nani kamuuliza?" alinong'ona Pindo.

"Nyamaza, dada, anasikia."

Mwenye nyumba alianza. Aliongea kwa upole. "Mimi huyu mama simfukuzi. Namheshimu kama dada yangu wa tumbo moja. Lakini jengo limechoka, nataka kulikarabati. Likimwangukia, si nitalaumiwa mimi?"

Jengo hilo lililochoka lilikuwa limekwisha kupimwa na watu wa kampuni moja ya simu, waliokuja na futi ya chuma na mchoro wa milango ya vioo. Pindo aliwaona kwa macho yake. Lakini kilichomshughulisha kwa sasa ni kitu kingine. Kila neno la mwenye nyumba lilisikika mara mbili, mara ya kwanza kutoka kwake, na mara ya pili, hafifu, kutoka kwa msuluhishi.

"Unasikia hiyo?"

"Mwangwi huo. Mambo ya mtandao."

"Mbona mimi nikiongea haupo?"

Mdogo wake aliinamia simu, akasikiliza tena.

Msuluhishi akasema ataongea na kila upande faragha, akaanza na mwenye nyumba. Kioo kikaandika Tafadhali subiri. Walisubiri dakika ishirini na mbili. Pindo alipinda sketi nzima akaanza nyingine. Zamu yake ilipofika, ilidumu dakika tatu.

"Mama, nakushauri kama ndugu," alisema msuluhishi. "Zile sketi thelathini, wazazi watakuja kuzidai Jumatatu. Fikiria hilo."

Machale yakamcheza Pindo. Kwenye fomu aliandika vifaa vya kazi, basi. Hakutaja sketi wala idadi. Pengine mwenye nyumba ndiye aliyemwambia, sawa. Lakini mwenye nyumba naye alijuaje, kama hakuingia mle ndani akazihesabu?

Waliporudi wote watatu, pendekezo lilikuwa tayari. Fundi akiri kwamba amekirudisha chumba kwa hiari. Akisaini, leo saa kumi jioni kufuli litafunguliwa, na atachukua cherehani na kila kilicho chake.

Hapo mtandao ukakaa sawa. Ukungu ukaondoka kwenye uso wa msuluhishi, na Pindo akaliona pazia.

Lilikuwa la rangi ya udongo, lenye matawi ya majani meupe yanayopanda juu. Miaka miwili nyuma kitambaa chake kilipungua shibiri moja, na badala ya kumwambia mteja, Pindo aliunga kipande kwenye pazia la kulia, akalinganisha tawi na tawi mchana kutwa. Jani moja tu lilimshinda. Yote yalitazama juu, lile likatazama chini. Mteja hakuliona kamwe. Mteja mwenyewe alikuwa mwenye nyumba, na pazia Pindo alilitundika kwa mikono yake, amesimama juu ya kiti, sebule ya ghorofani, dirisha linaloelekea vyumba vya kazi.

Jani lilikuwa pale pale, juu ya bega la msuluhishi, limeinama.

Kwanza ilimjia furaha. Aibu iliyoje kusema, lakini ni furaha, ya fundi anayekutana na kazi yake. Hakufikiri mara mbili.

"Pazia hilo nimelishona mimi," alisema kwa sauti.

Msuluhishi alirekebisha tai yake.

"Mama, tubaki kwenye mada."

"Nimelishona mimi, nikalitundika mimi, sebuleni kwa huyu mzee mwenye nyumba. Mbona liko nyuma yako?"

Mwenye nyumba alicheka kidogo. "Vitambaa vya namna hiyo vimejaa madukani, mama."

"Kitambaa, sawa. Lakini hicho kiungo ni cha mkono wangu."

Kioo kikacheza. Pazia likayeyuka, na nyuma ya msuluhishi zikajipanga rafu za vitabu vya sheria, vimenyooka mno kwa vitabu vinavyosomwa. Kila alipogeuza kichwa, masikio yake yalipotea.

Mdogo wake alifumba macho. "Dada jamani. Ungeninong'oneza kwanza, nikapiga picha."

Pindo aliishusha sketi mapajani. Ni kweli. Majigambo ya ufundi yalikuwa yamemponza. Ushahidi mwingine ulikuwepo, tena mzuri: kila kazi aliyopokea aliiandika daftarini, akabana kwa pini kipande cha kitambaa chake, na mteja alisaini siku ya kuchukua. Ukurasa wa mapazia ulikuwa na jani moja jeupe na saini ya mwenye nyumba. Daftari lilikuwa chumbani, nyuma ya kufuli la mwenye nyumba.

"Naomba nikachukue daftari langu kwanza, ndipo nisaini," alisema.

"Saini kwanza, mlango baadaye," alijibu msuluhishi.

"Na nikitaka kukulalamikia wewe?"

"Ipo fomu. Unaniletea mimi, naiambatanisha na ripoti yangu."

Vikatokea vibonyezo viwili, Nakubali cha kijani kinene, na Sikubali cha kijivu, kidogo, karibu kukosa kuonekana. Dakika tano zikaanza kupungua.

"Kubali, dada," alisema mdogo wake. "Uchukue cherehani. Hivi vidole vitapinda sketi ngapi? Miezi tisa utakula nini?"

Pindo aliutaka ule mlango ufunguliwe kuliko kitu chochote. Aliyataka makelele ya cherehani yake, na harufu ya pasi. "Unadhani saa kumi hilo daftari litakuwepo?" aliuliza.

Mdogo wake alizitazama dakika zikipungua.

Pindo alikibonyeza kile cha kijivu. Mfumo ukadai sababu, chagua moja: Nimebadili mawazo. Sina muda. Tatizo la mtandao.

"Hakuna nyingine?"

"Hakuna. Na usipochagua inahesabika umekubali. Zimebaki sekunde kumi."

Mdogo wake akachagua tatizo la mtandao.

Hawakukaa. Pindo alibeba kigoda na sketi zake, wakatembea robo saa mpaka kwenye chumba cha kazi, kwa sababu alitaka wazazi wakija wamkute hapo, wasisikie kwa watu kwamba amekimbia. Mlangoni makufuli yalikuwa mawili sasa. Alikaa chini yake, akatunga uzi, akaanza kupinda. Ujumbe ukaingia, mdogo wake akausoma: "Shauri lako limefungwa. Mdai amekataa usuluhishi. Sababu: tatizo la mtandao. Tafadhali mpe msuluhishi wako nyota."

"Kuna mahali pa kuandika maneno?"

"Nyota tu."

Pindo aliinua macho. Ng'ambo ya barabara, ghorofani kwa mwenye nyumba, mikono miwili ilikuwa inachomoa pazia kwenye fimbo yake kwa haraka. La kulia lilianza kutoka, lenye kiungo.

"Piga picha."

"Dada, kutoka hapa inaonekana mikono na dirisha."

"Piga hivyo hivyo."

Alipiga. Pazia la pili nalo likaanguka, na dirisha likabaki wazi, jua likaingia sebuleni mpaka ukutani. Mle ndani alisimama mwanamume mwenye miwani na tai, kikombe mkononi. Aliwaona. Alitazama kulia na kushoto akitafuta pa kujificha, na pazia halikuwepo.

"Hizi picha tutampelekea nani, dada? Yule karani?" aliuliza mdogo wake huku akiendelea kupiga.

"Sijui," alisema Pindo. "Wewe usitetemeke mkono."