Kata Iliyokataa Weusi

Violeth aliipaka kata ya Kimali weusi kwenye ramani asubuhi, wageni wakiwa bado hawajafika, na mkono wake ulikuwa mzito alipokuwa akiipaka. Haikuwa nyeusi kabisa. Programu ya ramani ilikuwa imempa mfululizo wa rangi za kahawia, kuanzia ile ya chai ya maziwa hadi ile ya chungu kilichopikiwa miaka mingi. Unachagua takwimu, mashine inazigawa katika madaraja na kujaza rangi kila kata. Penye njaa kali, rangi iliyokolea. Penye nafuu, rangi iliyopauka. Ndivyo alivyofundishwa chuoni, na ndivyo mkuu wake, Bwana Januarius, alivyotaka.

Kimali ilikolea kuliko kata zote za wilaya zile mbili, Bariadi na Meatu.

Hakuhitaji mashine imwambie. Alikuwa amekwenda huko mwenyewe na dodoso mkononi, akapokewa na mama mmoja aliyeitwa Nyanjige. Mama yule alimpa kigoda, akaingia ndani, akarudi na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa. Watoto walisimama mlangoni wakilitazama bakuli, si mgeni. Violeth alikula vipande viwili kwa sababu kukataa chakula cha mwenyeji ni tusi, kisha akashika tumbo akasema ameshiba. Alipokuwa akifunga kamba za viatu nje aliwasikia watoto wakigombea vilivyobaki, kwa sauti za chini, kama watu wanaogombana msibani.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo Bariadi bado ni wilaya ya mkoa wa Shinyanga, ushirika umelala usingizi wa mgonjwa, na makampuni ya kununua pamba yamejaa barabarani, kila moja na mzani wake na maneno yake matamu. Mvua zilipokatika mapema, shirika moja la misaada lilipanga ghala la zamani la pamba likalifanya ofisi. Siku hiyo malori ya mahindi yalikuwa yameegeshwa nje ya ghala hilo, turubai zimefungwa. Mahindi hayakutosha kata zote. Ramani ndiyo ingesema yaende wapi, na ilibidi iseme siku hiyohiyo, maana mwenye malori alikuwa amekwisha kuyakodisha kwa kampuni ya pamba kuanzia kesho yake. Soko huria ndilo hilo: gari halimsubiri mwenye njaa.

Wawakilishi wa kata walipoingia, Violeth aliinama nyuma ya kompyuta yake pembeni mwa chumba. Alikuwa mtu wa haya, anayeona afadhali kuzunguka nyumba nzima kuliko kupita mbele ya watu waliokaa. Lakini mmoja wao alimfuata hukohuko.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Mwangaluka, baba mdogo. Za nyumbani?"

"Mhola." Akawageukia wenzake. "Huyu ni wa kwetu Mwamapalala. Tulimpeleka shule, leo anatuonyesha sinema."

Wakacheka. Huyo alikuwa Luhaga, mdogo wa marehemu baba yake. Ndiye aliyeuza ng'ombe ili Violeth amalize chuo, na ndiye aliyekuja kuiwakilisha Mwamapalala. Mama yake Violeth aliishi nyumbani kwa Luhaga, akila chungu kimoja na watoto wa nyumba hiyo.

Jenereta likanguruma, projekta ikawaka, ramani ikatokea ukutani. Bwana Januarius aliwaeleza kwamba hiyo ndiyo hali ya chakula, kila kata na rangi yake. Wafadhili, alisema, wanataka ushirikishwaji wa kweli, kwa hiyo kila mwakilishi atasimama aseme kama rangi ya kata yake ni sahihi, na neno lake ndilo la mwisho. Hakusema rangi ipi ina maana gani. Kwake jambo hilo lilikuwa wazi kama jua, na zaidi ya hayo lilikuwa limeandikwa kwenye ufunguo wa ramani, chini kule pembeni, kwa Kiingereza. Violeth alikuwa ameomba kuuandika kwa Kiswahili. Akajibiwa kwamba wafadhili hawasomi Kiswahili.

Luhaga alisimama wa kwanza. Mwamapalala ilikuwa imepauka, kwa kuwa walio kando ya mto walikuwa wamepata angalau mavuno.

"Sahihi kabisa," alisema Luhaga. "Ndivyo tulivyo. Ahsanteni kwa kutuona."

Violeth akainua kichwa. Kutuona? Mtu hushukuru kuonwa akiwa na shida. Lakini Bwana Januarius alikuwa amekwisha kuandika na kuita Kimali.

Mzee Jilala wa Kimali alikuwa mrefu, mwembamba, koti limemning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Hakuzungumza akiwa kitini. Alitembea mpaka ukutani, kivuli chake kikafunika Meatu nzima, akaweka kidole juu ya kata yake.

"Nani ametupaka weusi huu?"

Akagonga kidole ukutani.

"Kimali haina weusi. Kimali ni nyeupe. Nyeupe pe. Mmeandika uongo, na uongo huu nitaukataa hapa na nitaukataa kwa mkuu wa wilaya."

Mmoja wa waliokaa nyuma akasema mzee anatafuta mke wa pili, hataki kuitwa mweusi. Watu wakacheka. Jilala hakucheka.

Bwana Januarius hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye malori yanayosubiri, na Kimali ilikuwa mbali, barabara yake imejaa makorongo. Aliandika, huku akitamka polepole anachoandika, kwamba mwakilishi wa Kimali amekataa daraja la njaa kali na kutaka daraja la chini kabisa. Akamgeukia Violeth.

"Badilisha. Mpe nyeupe yake."

Kwenye programu ile ilikuwa kazi ndogo. Unabonyeza kata, kinatokea kidirisha chenye vibweta vya rangi, unachagua kimoja. Violeth alibonyeza, Kimali ikazungukwa na mstari unaometameta. Akapeleka mshale kwenye kibweta cheupe, na hapo mkono ukakataa.

Kwa sababu alikuwa amekumbuka nyumbani. Mbingu za upande wa ziwa zikiwa nyeusi, bibi yake alikuwa akitoka nje na kiti na kuzitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake wakirudi. Wanaokwenda kuomba mvua huvaa kaniki nyeusi. Kondoo wa kuombea mvua huwa mweusi. Nyeupe ni mbingu za mwezi wa kumi, nyeupe ni uwanja usiokuwa na hata jani, nyeupe ni kiganja kisicho na kitu. Mzee Jilala hakuwa anakataa njaa. Alikuwa anakataa mvua ambayo hakunyeshewa. Na baba mdogo, kwa kuona weupe wa Mwamapalala, alidhani ameandikiwa mahindi.

"Tunasubiri, Violeth," alisema Bwana Januarius.

Mshale ukutani ulikuwa mkubwa kama jembe, umesimama juu ya kibweta cheupe mbele ya watu wote. Akibonyeza, watoto wa mlangoni kwa Nyanjige wangekuwa wamekwisha kuhesabiwa kuwa wameshiba, na mwakilishi wao mwenyewe ndiye angekuwa amethibitisha.

Alisema kitu, lakini sauti haikumfikia Bwana Januarius.

"Nini?"

Akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake, hakukiokota.

"Mzee Jilala," alisema, "naomba nikuulize. Nyeupe ni mbula, au ni nzala?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa iwapo moto unaunguza.

"Ni nzala, mwanangu. Ni njaa. Weusi ndiyo mvua, hata mtoto anajua. Ninyi mmeandika kwamba sisi tumenyeshewa." Akaugeukia ukuta tena. "Nirudi nikawaambie nini watu? Kwamba ukutani Bariadi kunanyesha?"

Sauti za kuunga mkono zikapita kila upande wa chumba. Wawakilishi wakaanza kugeukiana na kuonyeshana ukuta. Bwana Januarius aliweka kalamu chini. Alitazama ramani, akatazama alichoandika, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na haraka.

Violeth hakusubiri kuambiwa. Alifungua kidirisha cha rangi, akageuza mfululizo wote, rangi ya juu ikawa ya chini. Takwimu zilibaki zilezile. Ukutani kata zikageuka kama watu waliogeuza nguo: Kimali ikawa nyeupe, zilizopauka zikakolea. Kisha akafuta ufunguo wa Kiingereza na kuandika mwingine, herufi kwa herufi, wote wakisoma kwa sauti pamoja naye kama darasa. *Nyeusi: chakula kipo. Nyeupe: njaa, nzala.*

"Hiyo ndiyo Kimali," alisema mzee Jilala, akarudi kuketi.

Yangekwisha hapo. Lakini Mwamapalala sasa ilikuwa nyeusi, na Luhaga alikuwa amesimama.

"Rudisha."

Violeth aliitoa mikono kwenye mashine.

"Mwamapalala ni nyeupe. Nilisema ni sahihi, ikaandikwa. Neno la mwakilishi ndilo la mwisho, au la mwisho ni kwa watu wa Meatu tu?" Kisha sauti ikashuka, ikawa ya nyumbani. "Kampuni imechukua pamba yetu bila kulipa na haijaonekana tena. Unajua. Mwanangu, kibweta kimoja tu."

Kila neno la pamba lilikuwa kweli. Bwana Januarius alifuta jasho, akasema kama ni hivyo apewe nyeupe, malori yatagawanywa, tumalize. Violeth aliona wengine wameanza kunyanyuka kwenye viti. Kata moja ikipakwa weupe kwa kuomba, hakuna atakayekubali kubaki mweusi, na Kimali itapelekewa makombo.

Kwao, ulichokula nyumbani kwa mtu hukisemi mbele za watu. Ukikisema, umemvua nguo aliyekulisha. Jambo hilo Violeth alilijua kabla hajajua kusoma.

"Baba mdogo," alisema, akitazama meza, "kihenge chako kina mahindi. Niliyala Jumapili."

Luhaga alibaki amesimama, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto ambaye yeye mwenyewe anamfundisha kutembea. Kisha akaketi, taratibu, akashika kofia yake kwa mikono miwili. Waliokuwa wameanza kunyanyuka wakarudi vitini mmoja mmoja. Kata zilizobaki zikathibitishwa kwa sauti za chini, hakuna aliyebishana na rangi yake tena.

Ramani ilipotoka kwenye printa, Bwana Januarius alitia sahihi yake, akaisoma upya mara mbili, akaipeleka mwenyewe kwa madereva. Mzee Jilala alipanda kwenye kichwa cha lori la mbele ili awaonyeshe makorongo. Vumbi likaelekea Meatu.

Violeth alimkuta Luhaga nyuma ya ghala, akifunga mfuko kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Alikuwa ameufunga tayari, sasa anaufungua na kuufunga tena.

"Baba mdogo."

"Nyumbani wataniuliza nani katupaka weusi," alisema bila kugeuka. "Watu wamekaa wanasubiri lori. Nitawaambia ni mashine."

Alikuwa anampa njia ya kupita. Baada ya yote yale, bado alikuwa anamfichia. Kwa muda Violeth alitaka kuikubali zawadi ile kuliko kitu chochote.

"Sema ni mimi," alisema.

Luhaga akageuka. "Na mama yako? Kisimani watamwambia nini?"

"Yeye mwambie wa kwanza. Aisikie kwako."

Alimtazama kwa muda mrefu, uso wote, kama mtu anayetafuta mahali ambapo mtoto amefanana na ndugu yake. Kisha akaitoa baiskeli ukutani, akaikokota mpaka barabarani.

"Jumapili usije," alisema.

Violeth aliitikia kwa kichwa. Luhaga akapanda, akakanyaga pedali kidogo, akasimama, mguu mmoja chini.

"Jumapili hii tu," alisema, bado ameipa mgongo Bariadi, kisha akaenda.