Lango la Saa Mbili na Dakika Kumi

"Yeni elfu tatu kwa saa moja! Huyo yaya anamlisha mtoto dhahabu?" alifoka mume wangu Kunihiko, mswaki mdomoni.

"Basi msindikize wewe shuleni," nilisema mlangoni, nimeshavaa viatu vya kazi.

"Nimwombe bosi ruhusa kila asubuhi, Mama Chiyori? Watanicheka ofisini."

"Na mimi je, kazini hawanicheki?"

Chekechea walipokea watoto saa moja asubuhi. Tangu Aprili binti yetu yuko darasa la kwanza, na lango la shule hufunguliwa saa mbili na dakika kumi. Mimi ni mtaalamu wa lishe katika jiko la hospitali, naingia saa moja na nusu. Yaya wa asubuhi analipwa kwa saa mara mbili yangu.

"Msigombane," Chiyori alisema. "Jana nilifunga mlango mwenyewe, nikasubiri langoni. Mvua ilikuwa kidogo tu."

Jana ilikuwa zamu ya Kunihiko kumsindikiza. Nilimtazama, akainamia sinki.

Nikampigia mkuu wangu palepale. "Kuanzia leo nihamishe niwe kibarua wa kuingia saa nne asubuhi," nilisema. "Ndiyo, najua nitapoteza ajira ya kudumu."

"Ahsante, Mama Chiyori," Kunihiko alisema.

Nikavua viatu vya kazi, nikarudi ndani.